Barua za Ada Lovelace na mwalimu wake

SWALI: Mhariri, ninafundisha hesabu katika shule ya sekondari hapa Jinja. Nimesikia kwamba Ada Lovelace wa Uingereza alijifunza hesabu za juu kwa barua. Je, barua hizo bado zipo, na zinaweza kuwafaa wanafunzi wangu?

JIBU: Ndugu Mwalimu, zipo. Zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bodleian mjini Oxford, na picha zake zinasomwa bure kwenye intaneti. Ada, ambaye wakati huo alikuwa tayari mama wa watoto watatu, aliandikiana na Augustus De Morgan, profesa wa hesabu mjini London, hasa mwaka 1840 na 1841.

Thamani yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba zinamwonyesha mwanafunzi akiwa amekwama, jambo ambalo vitabu vya kiada hulificha kabisa. Katika barua ya Novemba 1840, Ada anazifananisha kanuni za hesabu na viumbe wa hadithi ambao sasa wana umbo hili na punde wana jingine. De Morgan naye, kwa subira ninayoistahi sana, anamsahihisha na kumrudisha kwenye misingi. Mwaka 1843 Ada alichapisha maelezo kuhusu mashine ya kukokotoa iliyobuniwa na Charles Babbage, yenye hatua za kukokotoa namba za Bernoulli (mfululizo maalumu wa namba katika hesabu), hatua ambazo wengi huzihesabu kuwa programu ya kwanza ya kompyuta kuchapishwa.

Wanafunzi wa kidato cha tano (S5) wanaoanza kalkulasi waonyeshe kwanza barua zenye makosa, kisha kila mmoja akuandikie ukurasa mmoja akieleza pale anapokwama.