Maji ya kuimbia Jumapili hunywewa Jumamosi

Mleta mada, umeeleza kwamba unaimba sauti ya kwanza katika kwaya ya parokia huko Lindi, kwamba kila Jumapili unamaliza chupa nzima ya maji dakika chache kabla ya Misa, na kwamba hata hivyo ukifika wimbo wa tatu au wa nne sauti huanza kukwaruza na noti za juu zikakukimbia. Umeuliza kama uongeze maji, na waliotangulia kukujibu wamekushauri yai bichi, ndimu na tangawizi. Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Mtwara, nimefundisha waimbaji wa mjini, wa Mikindani na wa kule juu Newala, na jibu langu ni kwamba chupa yako haina kasoro ila unainywa saa ambayo haiwezi tena kukusaidia.

Maji unayomeza hayapiti kwenye nyuzi za sauti. Nyuzi hizo zimo ndani ya zoloto, kwenye mlango wa njia ya hewa, na kila unapomeza tonge au funda la maji mlango huo hujifunga ili kinachomezwa kishuke kwenye umio hadi tumboni. Tone likipotea njia na kuzigusa, unapaliwa na kukohoa papo hapo. Kwa hiyo funda la dakika ya mwisho huburudisha kinywa na koo, jambo ambalo si baya, lakini yanayozifaa nyuzi zenyewe ni maji yaliyokwisha kufyonzwa na utumbo, yakaingia kwenye damu, na kutoka humo yakazifikia nyuzi pamoja na tezi zinazotoa ute wa kuzilainisha. Mwili huyagawa maji kwa taratibu zake, na mwimbaji aliyeanza siku akiwa mkavu hawezi kuufidia ukavu huo sakristiani.

Ute huo ndio unaobeba kazi yote. Ukiimba noti ya A iliyo juu ya C ya katikati ya kinanda, nyuzi zako hukutana na kuachana mara 440 kwa sekunde, na ukiipanda oktavu moja, kama nyimbo za sikukuu zinavyowadai sauti ya kwanza, hufika mara 880. Ute ukiwa mwepesi, zinateleza. Ukiwa mzito na wa kunata, pumzi yenye msukumo mkubwa zaidi huhitajika ili zianze kutikisika. Mwimbaji anasukuma, nyuzi zinagongana kwa nguvu, zinavimba kidogo, na uvimbe huo unamlazimisha asukume zaidi katika wimbo unaofuata. Hiyo ndiyo sababu sauti yako inakuacha wimbo wa tatu na si wa kwanza. Wengi hungoja sauti ikwaruze ndipo wajue kwamba wamekauka, ingawa dalili hutangulia: noti ya juu ikiimbwa kwa sauti ndogo hukataa kuanza, au huanza kwa pumzi tupu, huku noti ileile ikipigwa kwa nguvu inatoka vizuri. Kabla ya mazoezi huwa ninawataka sauti ya kwanza waimbe mstari mmoja mfupi wa juu kwa sauti ndogo kabisa, na anayeshindwa simruhusu kuufidia kwa nguvu jioni hiyo.

Kuhusu kiasi, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilipendekeza mwaka 2010 lita 2 kwa siku kwa mwanamke na lita 2.5 kwa mwanamume, yakihesabiwa maji ya vinywaji vyote pamoja na yaliyomo ndani ya chakula, kwa mtu anayeishi katika joto la wastani na asiyefanya kazi nzito. Joto letu la Novemba hadi Machi si la wastani, na mtu aliyesimama ndani ya joho la kwaya chini ya paa la bati hupoteza maji mengi kwa jasho, kwa hiyo kiwango hicho nakiona kuwa pa kuanzia. Hata hivyo sipendi kumhesabia mwimbaji vikombe. Mkojo wenye rangi ya manjano hafifu kuanzia Jumamosi mchana hadi asubuhi ya Jumapili unatosha kuwa kipimo. Ukiwa wa rangi nzito, umechelewa. Kunywa kidogo kidogo tangu Jumamosi, kunywa kikombe unapoamka, kisha mafunda machache kila baada ya muda hadi Misa. Kumimina lita kadhaa kwa mkupuo hakuharakishi chochote, kwa kuwa figo huyatoa yaliyozidi na wewe unabaki kuwaza choo wakati wa mahubiri. Tena maji mengi mno kwa muda mfupi huweza kupunguza chumvi katika damu hadi mtu akaugua vibaya.

Si lazima yawe maji matupu. Uji mwepesi, mchuzi, tikiti, machungwa na dafu vyote vimo katika hesabu, na dafu kwetu halina gharama ya kutisha. Chai nayo haistahili lawama inayopewa kila mara, maana kwa mtu aliyeizoea, vikombe viwili vitatu havikaushi mwili kuliko vinavyouongezea maji. Uraka, pombe ya mabibo, ni habari nyingine. Msimu wa mabibo unapofika najua kabisa nani katika besi ameunywa usiku wa kuamkia Jumapili, kwa sababu pombe huongeza mkojo, hulegeza mlango wa juu wa tumbo hadi tindikali ikapanda usiku kuelekea kooni, na asubuhi mtu anaamka na sauti ya chini anayodhani kwamba ni kipaji.

Kuna jambo ambalo washauri wa afya ya sauti hawaligusi, nalo ndilo linalowakausha waimbaji wa kike wa mkoa huu kuliko jua. Kwaya ikialikwa mbali, tuseme kutoka Newala kuja Mtwara kupitia Tandahimba, akina mama huacha kunywa maji tangu usiku wa jana yake kwa sababu hawana hakika kama gari litasimama mahali penye choo cha heshima. Wengine wanatoka katika nyumba ambazo maji hununuliwa kwa dumu, maana shida ya maji katika uwanda wa Makonde ni ya miaka mingi, na mtu aliyezoea kuyabania hawezi kuyanywa kwa starehe kwa sababu tu mwalimu amesema. Wanashuka kwenye gari wakiwa na midomo mikavu, kisha wanadaiwa noti za juu. Kwa maoni yangu hilo ni jukumu la viongozi wa kwaya: kukubaliana na dereva kuhusu vituo kabla ya safari na kuvitangaza mapema, kufika saa kadhaa kabla ya kuimba, na kuanza kwa chakula chenye mchuzi na maji ya kutosha badala ya kupasha sauti. Mwimbaji akijua kwamba gari litasimama, atakunywa.

Pamoja na hayo yote, yapo mambo ambayo maji hayawezi kuyaponya. Kuanzia Juni hivi, wakulima wanapopulizia mikorosho salfa ili kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, unga ule mwepesi hupeperushwa na upepo na kuingia hadi vijijini, na kwa kuwa unaingia na hewa, tofauti na maji, hupita moja kwa moja kwenye nyuzi za sauti. Unawasha, unakohoza, na hakuna kikombe kitakachouosha. Anayepulizia afunike pua na mdomo kwa barakoa nzuri, kwani kitenge hakizuii chembe nyembamba kiasi hicho, aoge na kubadili nguo kabla ya mazoezi, na kama inawezekana asiimbe siku hiyo. Moshi wa kuchoma korosho zenye maganda ni mkali zaidi, kwa sababu mafuta ya ganda huunguza hata ngozi, kwa hiyo usifanyie mazoezi karibu na nyumba inayochoma. Siku zote, kati ya mistari yenye nafasi, vuta hewa kwa pua, ambayo huipasha na kuitia unyevu kabla haijafika kwenye zoloto.

Kama nyuzi zimekwisha kukauka na Misa iko karibu, njia rahisi ya kuzifikia kutoka nje ni mvuke. Chemsha maji, yaepue, yaache yatulie kidogo, kisha jifunike taulo na uvute mvuke kwa dakika tano hadi kumi bila kuweka chochote ndani yake. Mafuta ya kuchua na majani makali hutoa hisia ya kufunguka lakini huwasha. Sufuria iwekwe mahali imara, mbali na watoto. Yai bichi, asali, ndimu na tangawizi hupita njia ileile ya chakula, kwa hiyo havigusi nyuzi. Asali hutuliza koo linalowasha na sina ugomvi nayo, ila yai bichi huweza kukuachia ugonjwa wa tumbo katikati ya Gloria.

Umetaja pia kwamba hutumia vidonge vya mafua yanapokujia. Vile vyenye klorfeniramini hukausha pua, na hukausha ute wa koo vilevile, kwa hiyo mwulize mfamasia dawa mbadala kwa wiki unayoimba. Anayetumia dawa za shinikizo la damu zinazoongeza mkojo asiziache kwa ajili ya kwaya. Azungumze na daktari wake kuhusu kiasi cha maji.

Kaka wa qaswida aliyeuliza kuhusu Ramadhani: gawanya maji yako kuanzia futari hadi daku badala ya kuyanywa yote daku, punguza vya chumvi nyingi, na mazoezi yenye noti za juu yafanyike baada ya tarawehe, si saa ya alasiri.

Mleta mada, jaribu ratiba hii kwa wiki chache. Kama ukwaruzo utaendelea zaidi ya wiki tatu hata siku ambazo hukuimba, nenda hospitali ya mkoa uombe kuonwa na daktari wa masikio, pua na koo, kwa sababu kinundu au uvimbe kwenye nyuzi za sauti hauonekani mtu akifungua kinywa tu. Huonekana kwa kioo au kamera maalumu, na matibabu yake si maji.