Maswali ya Wasomaji: Usiishushe Pampu Bado

Barua tulizochagua mwezi huu zote zinahusu malori ya zamani, yale yenye pampu ya dizeli ya laini (vipampu vidogo vimepangwa mstari mmoja, kimoja kwa kila slinda) na nozeli, yaani vinyunyizio vya dizeli, za kawaida. Mwenye injini ya komoni reli, ile ya kisasa ambayo nozeli zote hulishwa na bomba moja la pamoja, asilegeze bomba lolote la nozeli kwa kufuata maelezo haya. Shinikizo lake ni kubwa mno, na dizeli ikitoka hapo hupenya ngozi.

Nina Fuso yenye injini ya 6D16, inabeba dagaa kutoka Mwaloni Kirumba kwenda Shinyanga. Tangi likijaa haina shida. Mafuta yakishuka chini ya nusu, kwenye kilima inaanza kukohoa na mwisho inazima. Nikipampu kwa mkono inawaka, naenda kidogo, inarudia. Filta ya dizeli ni mpya. Fundi anataka kushusha pampu ipelekwe kwa fundi pampu. Nikubali? (Dereva, Igoma)

Usikubali kwa sasa. Dalili zako mwenyewe zinaitetea pampu. Pampu iliyochakaa kwa ndani haijui kama tangi limejaa au liko nusu, wala haiponi kwa kupampu mkono. Dalili yake ya kawaida ni injini kugoma kuwaka ikiwa ya moto, kwa sababu dizeli ya moto ni nyepesi na inapenya pale vyuma vilipolika. Gari lako linavuta hewa, au linanyimwa mafuta, kati ya tangi na pampu.

Thibitisha hivi. Chukua dumu safi la lita 10, weka dizeli uliyoichuja, lifunge imara nje ya kebini juu kuliko pampu, mbali na ekzosi. Chomoa hosi inayotoka tangini pale inapoingia kwenye fidi pampu, ile pampu ndogo iliyo ubavuni mwa pampu kubwa, kisha unganisha hosi ya dumu mahali pake. Bomba la kurudishia mafuta liache liendelee kwenda tangini. Toa hewa, pakia mzigo, panda kilima kilekile kinachokusumbua. Likipanda bila kukohoa, fidi pampu na kila kilicho mbele yake vimepona kesi, na msako unabaki nyuma. Kazi hii ni ya saa moja. Kushusha pampu ni siku nzima, tena ikirudishwa vibaya taimingi, yaani wakati sahihi wa kupiga dizeli, inapotea na unakuwa na matatizo mawili.

Kwa nini nusu tangi? Ndani ya tangi kuna bomba la kunyonyea linalosimama kutoka juu hadi karibu na sakafu. Kwenye magari ya umri huu hupata kutu na ufa katikati, au hulegea pale lilipochomelewa. Tangi likijaa, ufa uko chini ya mafuta, kwa hiyo unanyonya mafuta na hakuna anayegundua. Mafuta yakishuka, ufa unabaki hewani. Kwenye kilima dizeli inakimbilia upande mmoja wa tangi na mambo yanakuwa mabaya zaidi. Lichomoe bomba hilo, ziba ncha moja kwa kidole, lizamishe kwenye ndoo ya maji na upulize ncha ya pili. Mapovu yatakuonyesha. Lichomelewe likiwa nje kabisa, mbali na tangi: tangi tupu lina mvuke wa mafuta na hulipuka kuliko lililojaa. Ukilirudisha, ncha ya chini ibaki sentimita 2 au 3 juu ya sakafu ili lisinyonye matope.

Bomba likiwa zima, kagua yafuatayo. Mfuniko wa tangi: wengi wakipoteza ule wa asili huziba kwa nailoni na tambara, tangi linakosa pumzi. Ukifungua mfuniko gari likiwa limezima na ukasikia tangi likivuta hewa kwa nguvu, umempata mwizi. Hosi: hosi ya maji si hosi ya dizeli. Ndani huvimba na kubanduka ngozi, nje inang'aa kama mpya. Weka hosi ya mafuta yenye nyuzi, na klipu za skrubu badala ya waya. Sabuni ya mche inaweza kuzuia tangi linalovuja kwa nje hadi ufike gereji, lakini kwenye bomba la kunyonya usiiguse. Huko hakuna kinachovuja nje, kuna kinachovutwa ndani, na sabuni itaingia pamoja nacho. Vivyo hivyo tepe nyeupe ya mafundi bomba: vipande vyake huishia kwenye vavu za fidi pampu. Panapofungwa bolti ya banjo, ile yenye tundu ndani ambamo mafuta hupita, weka washa (pete bapa) mpya za shaba pande zote mbili. Ukikosa mpya, ipashe ya zamani hadi iwe nyekundu, itumbukize majini, safisha. Italainika na kubana tena.

Ukifungua bolti ya banjo pale mafuta yanapoingia kwenye fidi pampu, chungulia: pampu nyingi za aina hii zina kichujio kidogo cha nyavu humo au jirani yake. Filta kubwa inabadilishwa kila mara, kichujio hiki husahaulika miaka. Kioshe kwa dizeli na brashi laini.

Na kama gari linakohoa hata kwa dumu? Hapo angalia fidi pampu yenyewe, oringi ya pampu ya mkono (ikichakaa nayo huvuta hewa), kisha vavu ya ovaflo. Vavu hii ni bolti ya banjo yenye springi na kigololi ndani, hukaa pale mafuta ya ziada yanapotoka kwenye pampu kurudi tangini. Kazi yake ni kubakiza shinikizo ndani ya pampu. Springi ikilegea, au fundi akirudisha bolti ya kawaida mahali pake kwa kuwa zinafanana kwa nje, gari litawaka vizuri, litatembea vizuri tupu, na litakosa nguvu likibeba mzigo. Pampu ngapi zimeshushwa kwa ajili ya bolti hii moja!

Kutoa hewa kuna mpangilio. Legeza skrubu ya juu ya filta, pampu kwa mkono hadi mapovu yaishe, kaza mafuta yakiwa bado yanatoka. Fanya hivyo hivyo kwenye skrubu ya pampu. Bana pampu ya mkono, piga stata isiyozidi sekunde 15, pumzisha dakika moja. Ikigoma, legeza nati za mabomba mawili ya nozeli upande wa nozeli, piga stata hadi dizeli itoke, kaza. Uso na mikono vikae mbali.

Huku kisiwani dizeli inakuja kwa mapipa kwenye boti. Lori letu la mchanga linaziba filta kila baada ya siku chache, na ndani ya filta kuna kitu cheusi kinachoteleza kama kamasi. (Msomaji, Nansio, Ukerewe)

Hivyo ni vijidudu. Huishi pale maji yanapokutana na dizeli, na bila maji hawakai, kwa hiyo kubadilisha filta pekee ni kumlisha mwenye duka. Shusha tangi, lioshe kwa maji moto na sabuni ya unga, likauke juani kabisa, lisuuze kwa lita chache za dizeli na uzimwage. Nunua filta mbili: ya kwanza itakamata mabaki yaliyo kwenye mabomba na kuziba mapema.

Kisha rudi kwenye mapipa. Pipa lililosimama nje hukusanya maji ya mvua kwenye kifuniko chake. Usiku pipa likipoa, hewa ya ndani hujikunja na maji hunyonywa kupita kwenye nyuzi za vizibo, hata kama hakuna tone linalovuja nje. Lilaze, vizibo viwili viwe usawa mmoja, kushoto na kulia, dizeli ikivifunika kwa ndani. Kabla ya kutumia, lisimamishe kivulini lipumzike siku nzima, na mpira wa kunyonyea usifike chini. Lita 5 za mwisho ziache. Jaza chupa angavu ya nusu lita kutoka chini ya pipa, isubiri dakika 30. Maji yatajitenga chini na utayaona.

Kwenye gari, sedimenta (kikombe kinachotenga maji na dizeli) ifunguliwe asubuhi kabla ya kuwasha, maji yakiwa yametulia. Ukifungua jioni baada ya safari, maji bado yametawanyika. Tangi lijazwe jioni, si asubuhi: hewa yenye unyevu wa ziwa ikilala ndani ya tangi nusu, usiku inageuka matone.

Oili ya injini inapanda yenyewe kwenye dipstiki na inanuka dizeli. (Mwenye lori, Magu)

Usiendelee kuendesha. Oili iliyochanganyika na dizeli ni nyepesi, na beringi za krenki hazitakusubiri. Anza na fidi pampu: kijiti chake kinachosukumwa na kemu kikilika, dizeli hupita pembeni na kuingia kwenye chumba cha pampu, kutoka hapo hadi kwenye oili ya injini. Ifungue, kausha, ipampu kwa mkono ikiwa imeunganishwa na mafuta. Ikitoa jasho upande wa kijiti, badilisha. Ikiwa kavu, fungua kava ya roka, kifuniko cha juu ya injini, uangalie kama kuna bomba la kurudishia linalopita ndani na linalovuja. Hayo mawili yakiwa mazima, sasa ndiyo zamu ya pampu kwenda kwa fundi pampu. Baada ya ukarabati, mwaga oili yote pamoja na filta yake.

Lori linatoa moshi mweusi na linakula mafuta. Fundi anasema atapunguza dizeli kwa skrubu ya kipimo iliyo kwenye pampu. (Dereva, Usagara)

Skrubu hiyo ina sili kwa sababu. Kwanza toa filta ya hewa, ipige mwanga kwa ndani; barabara za vumbi huiziba kabla ya muda wake. Zungusha kila gurudumu likiwa limenyanyuliwa, breki inayoshika nayo hula mafuta. Kisha, injini ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma polepole bila kukanyagwa mafuta, legeza nati ya bomba la nozeli moja moja, ukikaza kila moja kabla ya kwenda nyingine. Ukilegeza mlio usibadilike, slinda hiyo haifanyi kazi ipasavyo. Ukilegeza na moshi ukapungua, nozeli hiyo inatiririsha badala ya kunyunyiza. Peleka nozeli zote kwenye mashine ya kupimia, si hiyo moja, na zirudi na washa mpya za chini. Washa ya zamani ikibaki ndani ya tundu na mpya ikawekwa juu yake, nozeli itakaa juu kuliko inavyotakiwa na moshi utarudi palepale.