Chuchu zimepasuka, na mume anasema mshauri ni hasara

*Asalaam aleikum Shangazi. Mtoto wangu wa kwanza ana siku tisa. Chuchu zimepasuka, zinatoa damu, kila akinyonya natokwa machozi. Mama mkwe anasema maziwa yangu ni mepesi, tumpe glukosi na maziwa ya ng'ombe. Mama yangu yuko Arua. Kuna mshauri wa unyonyeshaji anayekuja nyumbani, lakini mume anasema ni kupoteza pesa, wanawake wa zamani nani aliwafundisha? Nifanyeje?*
*Mama Kifungua Mimba, Kisenyi, Kampala*

Waaleikum salaam mwanangu, na hongera kwa uzazi. Mwite. Mwite leo.

Mwambie mumeo wa zamani walifundishwa sana. Mzazi alikaa arobaini yake katikati ya mama, shangazi na majirani waliokwisha kuzaa. Mtoto akikamata titi vibaya, alirekebishwa palepale. Wewe unahangaika peke yako usiku. Kumwita mtu akusaidie si anasa.

Maumivu kama hayo mara nyingi huletwa na mtoto kushika ncha ya chuchu tu. Anatakiwa kufungua mdomo wazi kabisa, aingize na sehemu ya ule weusi unaoizunguka, kidevu kiguse titi, mdomo wa chini ugeukie nje. Kuyasoma haya hakutoshi, ndiyo maana nataka mtu akutazame ukinyonyesha mwanzo hadi mwisho, hapo hapo kitandani unaponyonyeshea kila siku. Muulize kwanza amesomea wapi kazi hiyo. Akija na kuanza kukuuzia maziwa ya kopo kabla hajamwona mtoto akinyonya, mpe nauli aende zake.

Mama mkwe naye akae humo chumbani, aulize yote yanayomtia wasiwasi. Anampenda mjukuu wake. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama tu, hata maji hapana, na maziwa ya ng'ombe hayamfai kabisa mtoto mchanga. Glukosi itamshibisha bure, atanyonya kidogo, na titi lisiponyonywa hupunguza maziwa. Hapo ndipo yatakosekana kweli.

Pesa isipopatikana, nenda kwa wakunga wa kituo cha afya cha Kisenyi. Waambie wakuone ukinyonyesha, wampime na uzito. Akifika wiki mbili tunatarajia awe amerudia uzito aliozaliwa nao.

Ila usimngoje mtu yeyote ukiona nepi zilizolowa mkojo hazifiki 6 kwa siku, au mtoto analala tu haamki kunyonya, au macho yake ni ya manjano, au ana homa. Panda boda usiku huohuo, hospitali. Wewe pia, ukipata homa na titi likawa jekundu na gumu, nenda, na uendelee kunyonyesha.

Mpaka mshauri afike, anza na titi lenye nafuu. Lile linalouma usipoliweza, kamua kwa mkono umnyweshe kwa kikombe kidogo kisafi, mara 8 hadi 12 kwa siku na usiku, kisha paka tone la maziwa yako kwenye chuchu uliache likauke.