Leo hakuna dhoruba Amarillo, twende wapi?

Kaka nimekuelewa, mko Texas kufukuza tonado (vimbunga vya nchi kavu), leo anga jeupe na watu wameanza kununiana kwenye gari. Mi ningeenda Palo Duro Canyon, kama kilomita 40 tu kutoka Amarillo, bonde lina kina cha mita 240 hivi, miamba myekundu balaa. Nendeni asubuhi, mchana kule chini joto si mchezo, kila mtu abebe maji yake, na mtu akianza kuchanganyikiwa pigeni 911 msisubiri. Ila kwanza cheki utabiri wa kesho wa Storm Prediction Center, kituo cha serikali ya Marekani kinachotabiri dhoruba, kama dhoruba ziko Kansas basi achaneni na bonde, pigeni picha fasta Cadillac Ranch hapo hapo Amarillo, yale magari 10 yaliyofukiwa pua chini tangu 1974, ni bure, halafu jazeni mafuta muondoke.