Tapeti za pikipiki ya Honda XR250 iliyotumika: anza na injini baridi

Ndugu, pikipiki inayowaka vizuri asubuhi lakini ikipata moto inakataa kiki, mara nyingi ni valvu zilizobana, si kabureta. Usidanganywe na ukimya wa injini. Tapeti inayogonga kidogo inakuambia bado kuna nafasi kati ya valvu na roka, yaani mkono unaoisukuma. Iliyobana hunyamaza huku valvu ya ekzosi ikiungua, kwa sababu haikai vizuri kwenye kiti chake na joto halipati pa kutokea.

Iache ilale usiku kucha, pima asubuhi. Toa plagi, zungusha injini mpaka alama ya T kwenye gurudumu la sumaku ikae sawa, kisha tikisa roka zote kwa vidole. Zikiwa zimekaza, usipime kitu: pistoni iko juu kwa mpigo mwingine, zungusha duru moja zaidi. XR250R inataka nafasi ya 0.05 mm upande wa kuingiza hewa na 0.08 upande wa ekzosi. Fila geji (bamba jembamba la kupimia nafasi) ipite kwa kukwaruza kidogo. Ukishakaza nati pima tena, maana nati ikikazwa huvuta sukrubu na kipimo kinabadilika.

Halafu fungua chujio la hewa. Vumbi la murram likipenya linakula viti vya valvu na nafasi inazidi kufungika. Ukirekebisha leo, na baada ya mbio chache kwenye uwanja wa Busiika, Uganda, ukakuta imebana tena, peleka kichwa cha silinda kwa fundi. Acha kulegeza sukrubu.