Kabla ya kuita watu kuzibua mtaro, jua tope litakwenda wapi

Tulipozibua mtaro wetu mara ya kwanza tulijitokeza watu zaidi ya arobaini. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa pili, masika yanakaribia, na sisi tunaokaa bondeni Tandale, Dar es Salaam, tunayajua masika: godoro linapanda juu ya meza, watoto wanapelekwa kwa shangazi yao. Ilipofika saa nne asubuhi kipande kizima kilikuwa safi, sakafu ya zege inaonekana. Tope tukalirundika ukingoni, tukapiga picha, tukaagana kwa furaha.

Usiku wa tatu mvua ikanyesha. Kulipokucha tope lote lilikuwa limerudi mtaroni. Jirani yangu mmoja, mama wa makamo, maji yalimfikia mpaka jikoni. Aliniuliza kwa upole kabisa, "Sasa mwanangu, juzi tulifanya nini?"

Sikuwa na jibu, nami nimeishi na swali lile miaka yote tangu hapo. Kwa hiyo ukiniomba ushauri kuhusu kazi za kujitolea mtaani, sitaanza na namna ya kuhamasisha watu. Watu wapo. Uchungu wa maji ndani ya nyumba unawatosha. Nitakuuliza kwanza: tope mtalipeleka wapi, na nani atalibeba?

Dampo la jiji liko Pugu Kinyamwezi, mbali sana kwa guta au mkokoteni. Lazima lipatikane gari la manispaa, na gari halipatikani kwa simu ya Ijumaa jioni. Sisi sasa tunaandika barua wiki tatu kabla. Inapita kwa mwenyekiti wa mtaa, inafika kwa mtendaji wa kata na afisa afya, nasi tunabaki na nakala yenye mhuri. Siku haitangazwi mpaka gari lithibitishwe. Imeshatokea tukaahirisha mara mbili, na vijana wakanung'unika, lakini afadhali manung'uniko kuliko kuwachosha watu bure. Aliyechoshwa bure mara moja, mara ya pili utagonga mlango wake na hatatoka.

Tope lenyewe usilipakie likiwa bichi. Litie kwenye viroba, nusu tu ili mtu mmoja aweze kunyanyua, viroba visimame mahali pa juu usiku mmoja vichuje maji. Kesho yake uzito umepungua sana na gari linabeba vingi zaidi.

Jambo jingine tulilokosea ni kuanzia juu, kwa sababu ndiko tulikokuwa tunakaa wengi. Ukizibua juu kabla ya chini, unamsukumia maji jirani yako wa chini kwa kasi. Anza kule mtaro unakomwaga, kwetu ni upande wa Mto Ng'ombe unaokwenda kuingia Msimbazi, kisha pandeni taratibu. Maji mtakayoyafungulia yatakuta njia.

Na hapa niwashukuru vijana wa Ramani Huria. Kuanzia 2015 wanafunzi wa vyuo vikuu walizunguka kata za Dar es Salaam pamoja na wakazi, wakichora mitaro, njia na maeneo yanayofurika, na kuziweka ramani wazi mtandaoni kwa yeyote. Tandale ilikuwa imeshachorwa tangu 2011. Tulichapisha kipande chetu kwenye karatasi kubwa, tukatembea nacho na wazee watatu wa mtaa wenye kalamu. Mzee mmoja akasimama katikati ya njia, akasema, "Hapa chini kuna kalavati." Tulichimba, tukalikuta, limejaa mchanga mpaka juu. Kumbe mafuriko ya nyumba sita yalikuwa yanaanzia pale. Ramani bila wazee isingetuonyesha kalavati lile.

Kuhusu afya sitaki mzaha. Usimruhusu mtu yeyote kuingia mtaroni peku. Mna vioo, misumari, sindano, na mikojo ya panya, ambayo huleta homa ya mgunda, ile iliyoua watu mkoani Lindi mwaka 2022. Mabuti ya mpira na glavu nzito vikiwa kumi, waingie watu kumi, wengine wabebe viroba. Watoto wakae mbali kabisa, hata wakililia kusaidia.

Lipo pia jambo ambalo watu huona haya kulisema: mvua ikinyesha, baadhi yetu tunatapisha vyoo mtaroni. Mwaka 2015 kipindupindu kilipolipuka Dar, na sherehe za Uhuru za 9 Desemba zikageuzwa kuwa siku ya usafi nchi nzima, tulifagia kila kona, lakini kuhusu vyoo mtaani kwetu tulinyamaza. Kulitangaza kwenye kipaza sauti ni kuwaaibisha watu. Tulipita nyumba kwa nyumba, wanawake wawili na mjumbe wa shina, jioni, bila daftari. Wengi walisema gari la kunyonya haliwafikii au fedha haitoshi. Nyumba nne zikakubaliana kuchangia safari moja. Si nyumba zote zilizokubali, na bado tunaendelea kuzungumza nazo.

Fedha ziandikwe hadharani. Kila mchango, hata wa mia tano, na kila matumizi, hata ya chai na maandazi, tunayaandika kwenye karatasi ya manila ukutani kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Zamani tuliulizwa kila siku, "Mmelipwa na nani?" Siku hizi wanasoma ukutani. Na msimu wa uchaguzi ukikaribia, fulana za mgombea yeyote zikataeni kwa heshima, maana mkizivaa mara moja nusu ya mtaa haitakuja tena.

Masika yaliyopita maji yalipanda mpaka kizingiti cha yule mama, yakasimama hapo, yakashuka. Jikoni hayakuingia. Jumamosi ijayo tunaanzia kalavati la chini, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mabeleshi yako kumi na moja, yanatunzwa kwake. Anayehitaji aende akaandike jina.