Umwamini nani, mwanangu?

Mwanangu Nafula,

Umeniuliza umwamini nani, kwa kuwa broka wa ile fleti ya Kasarani, hapo Nairobi, ni mshiriki mwenzako kanisani, na anakuhimiza ulipe laki mbili kabla ya Ijumaa ili akushikie nyumba. Unaona haya kumdai karatasi mtu mnayesali naye. Usione haya, mama. Kumwomba mtu hati si kumwita mwizi.

Kabla hujapima tabia yake, uliza analipwa na nani, na lini. Broka hupata komisheni nyumba ikinunuliwa. Isiponunuliwa, anarudi nyumbani mikono mitupu. Hata akiwa mcha Mungu, hilo halibadiliki. Wakili wa muuzaji naye ndiye huandaa mkataba wa mauzo, na anamlinda mteja wake, ndiyo kazi yake. Wewe tafuta wako. Ukisikia "tutumie wakili mmoja tupunguze gharama", hapo nakukataza kabisa. Chama cha Mawakili kina orodha kwenye tovuti yake, utaona kama wakili ana leseni ya mwaka huu. Na broka mwenyewe, sheria inamtaka awe amesajiliwa na bodi ya maajenti wa nyumba. Mwombe cheti, uone anavyojibu.

Ile picha ya hati aliyokutumia kwa WhatsApp nimeikuza nikaitazama sana. Jina la mwenye nyumba linasomeka, muhuri upo, lakini pale penye nambari pamezibwa na kidole gumba. Bila nambari hufanyi sachi, yaani kukagua rekodi za ardhi, uwe kwenye Ardhisasa, ile tovuti ya serikali, au dirishani Ardhi House, ofisi za wizara ya ardhi, na sachi ndiyo itakayokuonyesha mmiliki ni nani na kama benki inaishikilia hati kwa mkopo. Huenda kidole kiliingia kwa bahati mbaya. Basi omba picha nyingine leo, na uulize kama fleti hiyo ina hati yake yenyewe, maana sheria ya mwaka 2020 inataka kila fleti inayouzwa iwe nayo, isitegemee tu hati ya jengo zima.

Hati ikiwa safi, bado. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua, kwenye kesi ya kiwanja cha Mombasa kilichokuwa kimetengewa umma, kwamba hati pekee haimkingi mnunuzi ikiwa ardhi ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo. Oktoba mwaka huohuo, nyumba zilibomolewa Athi River kwenye ardhi ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Watu walikuwa wamenunua, wamejenga, wanalala humo. Iliniuma sana kuwaona wakiokota mabati. Kwa hiyo wakili wako afuate historia ya ile ardhi hadi kwa mmiliki wa kwanza, asiishie kwenye jina la leo.

Halafu nenda pale peke yako, siku ambayo broka hajui. Zungumza na keateka, yule anayetunza jengo, nunua sukuma kwa mama mboga wa langoni. Hao hawana komisheni. Watakuambia kodi huchukuliwa na nani, kama maji hufika ghorofa ya nne, kama ndugu wanagombania jengo. Ukisikia muuzaji ana mke, ridhaa ya mke iandikwe na itiwe sahihi, la sivyo mauzo yanaweza kubatilishwa.

Pesa isipite kwa simu ya broka hata shilingi moja. Desturi ni asilimia 10 mkishatia sahihi, iende kwenye akaunti ya wakili wa muuzaji, kwa sharti lililoandikwa kwamba haachilii kwa muuzaji mpaka umiliki uhamie kwako. Weka kando pia ushuru wa stempu, asilimia 4 kwa nyumba ya mjini, maana huo ni wako.

Mimi humwamini mtu anayeniachia nakala na kunipa muda wa kuzipeleka kwa mwingine azikague. Huyu wako anakupa Ijumaa. Ikifika bila nambari ya hati, mwache ampe mwingine. Fleti Kasarani hazijaisha. Ukiipata nambari hiyo, nitumie pamoja na jina la wakili utakayemchagua, kabla hujatia sahihi popote.

Wasalimie watoto na baba yao.

Mama yako